Katikati ya Nini? Kuchagua na Kufunga Visu vya Mashine Ndogo ya Kukerezea

Utangulizi

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, sisi walimu wa somo hili tumekuwa tukiombwa kufanya kazi ambazo hatukufundishwa chuoni. Mojawapo ni kutafsiri maelekezo ya karakana. Niliwahi kupewa ukurasa mmoja wa maelekezo kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi waliokuwa wanaanza kutumia mashine ndogo ya kukerezea chuma. Niliandika: "Funga kisu katikati." Mwanafunzi mmoja alitii. Alikifunga kisu katikati ya kishikio, akawasha mashine, na ncha ikavunjika na kuruka karibu na uso wake. Fundi mkuu aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, katikati ya nini?" Sikuwa na jibu.

Makala haya ni jibu nililolipata baadaye, nikiwa nimesimama kando ya mashine. Yanaeleza jinsi anayeanza anavyochagua visu na kuvifunga, pamoja na maneno yanayohitaji uangalifu.

Mashine na sehemu zake

Kitenzi kukereza kimetuzalia mkereza, kerezo na ukerezaji. Katika kukereza, kipande cha chuma ndicho kinachozunguka na kisu husogezwa taratibu kukikuta. Hii ni kinyume cha keekee, ambayo huzunguka yenyewe huku kipande kikiwa kimetulia. Kipande hushikwa na kibano. Kibano chenye taya tatu hujiweka sawa chenyewe kwa vipande vya mviringo, na ndicho kinachomfaa anayeanza. Chenye taya nne hukazwa taya moja moja, nacho hufaa vipande vya umbo lolote. Upande wa pili upo mkia wa mashine, unaobeba ncha ya kuegemezea kipande kirefu au kibano cha keekee.

Kuchagua kisu

Anayeanza hukutana na aina mbili kuu. Ya kwanza ni visu vya feleji ya kasi, yaani feleji iliyochanganywa na madini kama tangisteni, molibidenamu, kromi na vanadi. Feleji hii hubaki ngumu hata ikipata joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Ya pili ni visu vyenye ncha ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi na huvumilia joto zaidi, lakini huvunjika upesi ikitikiswa. Kabaidi hupenda mashine nzito na kasi kubwa. Mashine ndogo hutetemeka. Hivyo basi, anayeanza aanze na feleji ya kasi. Kikiwa butu, atakinoa kwenye jiwe la kawaida la kunolea, akikichovya majini mara kwa mara ili asiungue vidole.

Aidha, kuna suala la unene. Kabla ya kununua, pima kutoka sakafu ya kishikio cha kisu hadi kimo cha kitovu, yaani usawa wa mstari ambao kipande huuzunguka. Kisu chembamba huweza kuinuliwa kwa vipande vya bati, lakini kinene kupita kiasi hakiwezi kushushwa. Katika mashine nyingi ndogo, visu vya milimita 8 au 10 hutosha.

Hakuna haja ya kununua seti nzima siku ya kwanza. Kisu kimoja cha kupunguza unene na kusawazisha uso, kimoja cha kukatia na kimoja cha kupanulia tundu vinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Hapa lugha huweka mtego. Kisu cha kwanza nilikiita "kisu cha kulia", wanafunzi wakacheka, kwani walikiona mezani kando ya sahani ya wali. Tukakubaliana kusema "kisu cha mkono wa kulia". Hata hivyo, jina hilo nalo lahitaji maelezo: kisu hicho huanza kukata upande wa kulia na kuelekea kushoto, kwenye kibano. Anayedhani kwamba jina linataja upande kinakoelekea, atakifunga kinyume.

Kufunga kisu

Zima mashine kabisa, kisha fuata hatua hizi.

1. Kiingize kisu katika kishikio, na usikitokeze mno. Sehemu inayotokeza isizidi mara moja na nusu ya unene wake. Kikitokeza sana hutetemeka na kuacha mistari.

2. Weka vipande vya bati chini ya kisu mpaka ncha ilingane na kimo cha kitovu. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la fundi. Ncha ikiwa juu ya kitovu, tumbo la kisu husugua kipande badala ya makali kukata. Ikiwa chini, kipande huweza kukivuta kisu na kukivunja.

3. Kwa kupima, bana kwa wepesi rula nyembamba ya chuma kati ya ncha na kipande cha mviringo. Rula ikisimama wima, kimo ni sahihi. Ikiinama, kisu kirekebishwe.

4. Kaza bolti zote, kisha sawazisha uso wa kipande. Kikibaki kijichuchu katikati ya uso, kimo bado hakijawa sahihi.

Kasi nayo ipimwe. Kwa feleji laini na kisu cha feleji ya kasi, mwendo wa mita 25 kwa dakika ni mwanzo mzuri. Zidisha 25 kwa 1000, kisha gawanya kwa kipenyo kilichozidishwa kwa 3.14. Kipande cha milimita 20 kitahitaji mizunguko 400 hivi kwa dakika. Kipenyo kikiongezeka, mizunguko ipunguzwe.

Tahadhari

Ufunguo wa kibano usiachwe kibanoni hata kwa sekunde moja, kwani mashine ikiwashwa huruka kama jiwe la kombeo. Vaa miwani ya kinga. Usivae glavu, tai, pete wala mikono mirefu ya shati iliyo wazi. Nyuzi za chuma ziondolewe kwa brashi au ndoano mashine ikiwa imesimama, kamwe si kwa vidole.

Hitimisho

Mara nyingi sisi walimu husema kwamba istilahi hazitoshi. Katika kisa changu neno lilikuwepo, tena la kila siku. Kilichokosekana ni mfasiri kuona kitu chenyewe kabla ya kukitaja. Katika lugha ya karakana, "katikati", "kulia", "juu" na "kaza" huhitaji kutajiwa cha kulinganishwa nacho, la sivyo mtu huumia.

Sentensi yangu sasa inasomeka hivi: "Inua kisu kwa vipande vya bati mpaka ncha yake ilingane na kimo cha kitovu cha kipande kinachozunguka." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Fundi aliisoma mara moja, akaibandika ukutani karibu na mashine.