Lenzi ya Jichoni: Kuichagulia Darubini Mpya Vifaa Vyake

Juu ya makasha ya darubini nyingi za bei nafuu huandikwa tarakimu kubwa: "Mara 525". Tarakimu hiyo haikuokotwa barabarani. Darubini yenyewe ina lenzi kuu ya kipenyo cha milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ndani ya kasha mna lenzi ndogo ya milimita 4 pamoja na kikuzio cha mara tatu. Basi 700 ikigawanywa kwa 4, kisha jibu likizidishwa kwa 3, hupatikana 525 kamili. Hesabu ni sahihi. Kisichokuwa sahihi ni tumaini la mwalimu aliyetumia fedha za shule akitarajia kuwaonyesha wanafunzi wake pete za Zohali, akaambulia duara la ukungu linalotetemeka na kutoweka kabla mwanafunzi wa pili hajainama.

Darubini ya nyota hufanya kazi mbili zilizo tofauti. Lenzi kuu, au kioo kikuu katika darubini za kuakisi, hukusanya nuru na kuifanyiza taswira ndogo ya kitu kilicho mbali. Lenzi ya jichoni, yaani ile ndogo ambayo mtazamaji huisogezea jicho, huikuza taswira hiyo kama vile kioo cha kukuzia kinavyoukuza mguu wa panzi katika somo la biolojia. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa lenzi kuu ukigawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jichoni. Kwa hiyo lenzi ya jichoni yenye namba ndogo ndiyo yenye nguvu zaidi, jambo ambalo huwatatiza wengi mwanzoni.

Lenzi ya jichoni haiwezi kuongeza kitu ambacho lenzi kuu haikukileta. Kwanza, nuru ni ileile. Darubini ya milimita 60 ikitoka ukuzaji wa mara 35 kwenda mara 525, nuru yake hutandazwa juu ya eneo kubwa mara 225, na sayari iliyokuwa ikimeremeta huwa kama taa iliyokaribia kuishiwa mafuta. Pili, mawimbi ya nuru yenyewe huweka kikomo cha kutenganisha vitu vidogo. Kioo cha milimita 114 huweza kutenganisha nyota mbili zilizoachana kwa sekunde moja hivi ya pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Si chini ya hapo. Ukuzaji ukifikia takriban mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, jicho huwa limekwisha kuona yote yaliyomo. Kuzidisha ni sawa na kuikuza picha ya gazeti: nukta za wino huwa kubwa, lakini sura ya mtu haizidi kueleweka. Kwa kipimo hicho, darubini ya milimita 60 ina kikomo cha mara 120, na ya milimita 114 kikomo cha mara 228. Hata kikomo hicho hufikiwa usiku wa hewa tulivu tu. Darubini ikielekezwa juu ya paa la mabati lililopashwa joto mchana kutwa, taswira huchezacheza kama kokoto chini ya maji ya mto.

Historia inathibitisha hayo. Mwaka 1655 Mholanzi Christiaan Huygens aliigundua Titani, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, kwa lenzi ya kipenyo kisichofika milimita 60 na ukuzaji wa takriban mara 50 tu. Lenzi hiyo aliisugua yeye pamoja na kaka yake Constantijn. Mwanafunzi mwenye darubini ndogo ya leo ana kioo kilicho bora kuliko cha Huygens. Akikosa kuona, yafaa kwanza aichunguze lenzi yake ya jichoni.

Na ichukuliwe kwa mfano darubini ya kuakisi yenye kioo cha milimita 114 na urefu wa fokasi wa milimita 900, aina iliyoenea sana miongoni mwa wanaoanza. Lenzi ya jichoni ya milimita 32 huipa ukuzaji wa mara 28. Ikiwa lenzi hiyo ni ya aina ya kawaida, ambayo uwanja wake wa kuonea ni digrii 50 hivi, mtazamaji huona kipande cha anga chenye upana wa karibu digrii 1.8. Nyota kuu za Kilimia huenea zote humo, na nafasi ikabaki. Lenzi ya milimita 10 hutoa ukuzaji wa mara 90 na uwanja wa nusu digrii na ushei, ambao Mwezi mpevu huujaza karibu wote. Lenzi ya milimita 4 hutoa mara 225, na uwanja wake ni kama sehemu moja ya tano ya digrii.

Sasa Dunia inazunguka. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga husogea digrii moja kila dakika nne. Kwa lenzi ya milimita 32, Mshtarii huchukua dakika saba kuvuka uwanja. Kwa lenzi ya milimita 10, dakika mbili na kidogo. Kwa ile ya milimita 4, haimalizi hata dakika moja. Darasa lenye wanafunzi 40 waliopanga mstari uwanjani litaonja tofauti hiyo kuliko maelezo yoyote ya kitabu. Kwa lenzi dhaifu mwalimu huilenga sayari mara moja, wanafunzi kumi wakapita. Kwa lenzi kali hulazimika kuitafuta upya baada ya kila mmoja, na kengele ya kulala hulia mstari ungali mrefu.

Kwa sababu hiyo fedha za kwanza zitumike kununua lenzi dhaifu iliyo nzuri, na za pili lenzi ya wastani. Lenzi kali inaweza kusubiri mwaka mzima pasi na hasara. Hata hivyo, udhaifu nao una mpaka wake. Nuru hutoka katika lenzi ya jichoni ikiwa mwale mwembamba, ambao kipenyo chake ni kipenyo cha kioo kikuu kikigawanywa kwa ukuzaji. Katika mfano huu, 114 kwa 28 ni milimita 4. Mboni ya kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 hivi, na ya mtu mzima mara nyingi hadi milimita 5 tu. Mwale ukiwa mpana kuliko mboni, nuru ya pembeni humwagika bure. Hivyo mwanafunzi anaweza kunufaika na lenzi ambayo mwalimu wake haimfai.

Lenzi ya Barlow, iliyopewa jina la mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow wa karne ya 19, huingizwa kabla ya lenzi ya jichoni na kuuzidisha ukuzaji mara mbili. Ni njia ya busara ya kupata lenzi nne kwa bei ya tatu, mradi hesabu ifanywe kabla ya kununua. Mwenye lenzi za milimita 20 na 10 akiongeza Barlow ya mara mbili, ile ya 20 itafanya kazi ya ile ya 10, naye atakuwa amelipia kitu kimoja mara mbili. Lenzi za milimita 32 na 10 kwa darubini ya mfano wetu hutoa mara 28, 56, 90 na 180, ngazi ambazo zimeachana vizuri.

Ubora wa lenzi ya jichoni hutegemea pia muundo wake. Ile ya Huygens, inayotambulika kwa herufi H, ina lenzi mbili tu, na uwanja wake ni mwembamba. Ile ya Kellner, yenye herufi K, ilibuniwa mwaka 1849 na yafaa kwa matumizi ya kawaida. Ile ya Plössl, fundi wa Vienna, ya mwaka 1860, ina jozi mbili za lenzi zilizogandishwa, nayo ndiyo inayompa mnunuzi wa kawaida thamani kamili ya fedha yake. Mwenye kuvaa miwani aangalie jambo moja zaidi. Katika Plössl ya milimita 4 jicho hutakiwa kusogea hadi milimita 3 hivi kutoka kwenye kioo, na miwani haina mahali pa kupita. Kipimo cha shingo ya lenzi nacho kihakikishwe: zile za milimita 31.7 ndizo zinazopatikana kwa wingi, ilhali darubini kadhaa za zamani zina tundu la milimita 24.5 ambalo haliwezi kuzipokea.

Kitako cha darubini kwa kawaida hakihesabiwi miongoni mwa vifaa, lakini kitako kinachoyumba huiharibu lenzi ya bei yoyote. Nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hupenda kitako cha kiikweta, ambacho mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga. Nairobi iko kiasi cha digrii 1 tu kusini ya ikweta, na Dar es Salaam digrii 7. Mhimili huo hapa hauna budi kulala karibu sambamba na ardhi. Vitako vingi vidogo havikuundwa kulala kiasi hicho, na uzito wake wa kusawazishia hugonga mguu. Kinachofaa zaidi ni kitako cha mbao kilichoenezwa na John Dobson wa San Francisco tangu miaka ya 1960: sanduku linalozunguka juu ya vipande vya plastiki telezi. Seremala yeyote hodari anaweza kukitengeneza.

Kifaa kimoja hakifai kununuliwa, na kikikutwa ndani ya kasha kivunjwe: ni kile kichujio kidogo cheusi cha kutazamia Jua, ambacho hufungwa kwenye lenzi ya jichoni. Hapo ndipo joto lote lililokusanywa na kioo kikuu hufikia. Kichujio huweza kupasuka ghafla, na retina haina neva za maumivu za kumwonya mtazamaji kwamba inaungua. Kichujio halali hufunika mdomo wote wa darubini, ili nuru ipunguzwe kabla ya kuingia. Njia iliyo nafuu zaidi ni kuitupa taswira ya Jua juu ya karatasi nyeupe nyuma ya darubini ndogo ya lenzi, kijidarubini cha kulengea kikiwa kimefunikwa, na mtu mzima akisimama karibu muda wote. Kwa kazi hiyo lenzi duni ya Huygens ni bora kuliko Plössl, kwa kuwa haina gundi ya kuharibiwa na joto. Watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama Jua lilipopatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016. Kupatwa kwa tarehe 2 Agosti 2027 ni kwa sehemu tu katika Kenya na Tanzania, na kwa sehemu maana yake ni kwamba hakuna hata nukta moja ambayo jicho tupu linaruhusiwa.

Vilivyobaki ni vya gharama ndogo. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, kwa sababu jicho lililozoea giza huhitaji nusu saa kurudi hali yake likipigwa na mwanga mweupe. Ramani ya nyota iwe ya latitudo za ikweta. Ile iliyochorwa kwa ajili ya London huikata Salibu ya Kusini.

Katika miji ya pwani adui wa lenzi ni kuvu, ambayo huota juu ya kioo na kuacha alama zisizofutika. Lenzi zikaushwe umande kwanza, kisha zihifadhiwe katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu. Zisifutwe kwa kanga wala pindo la shati. Vumbi kidogo juu ya lenzi halipunguzi nuru kwa kiasi cha kuonekana. Mikwaruzo ya mchanga uliosuguliwa kwa kitambaa haiondoki tena.