Skana ya bei nafuu: fungua sanduku la picha kwanza, kisha uende sokoni

Picha nyingi za historia ya Kibera hazimo makavazini. Zimo majumbani, hasa Makina, ndani ya masanduku ya bati na albamu zilizochakaa, katika familia za Wanubi ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles waliotoka Sudan na kuwekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2011 mpigapicha Mmarekani Greg Constantine alitoa kitabu kuhusu Wanubi wa Kenya, akaweka ndani yake picha za kale zilizotoka katika majumba hayo. Hati ya pamoja ya ardhi, ekari 288, jamii hiyo haikuipata hadi 2017. Kabla ya hapo, picha ya nyanya amesimama mlangoni kwake, tarehe imeandikwa nyuma, ilikuwa kitu cha kumwonyesha yeyote aliyeuliza: nyinyi mlifika hapa lini? Sisi wa Pwani, tuliozoea kuulizwa karatasi za babu tukienda kutafuta kitambulisho, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini nyumba ni za mabati na zimebanana. Moto ukizuka watu huwahi watoto, kisha godoro na mtungi wa gesi. Albamu hubaki ndani. Huku kwetu adui ni mwingine: unyevu wa bahari, kuvu, na mchwa waliolipenda kasha la bibi.

Mimi nakaa Kawangware, na jamaa wa Mombasa na majirani wa Makina huniuliza swali lile lile: ninunue skana gani, na isiwe ghali? Jibu langu huwaudhi, kwa sababu huwauliza swali badala ya kuwajibu. Una karatasi, au una filamu? Nenda kafungue sanduku kwanza. Ukikuta picha zilizosafishwa, za kushika mkononi, hiyo ni karatasi. Ukikuta vipande vya plastiki vyeusi au vya rangi ya kahawia, ambavyo ukiviinua kwenye mwanga unaona watu wenye nyuso nyeusi na nywele nyeupe, hizo ni negativu. Mashine inayofaa kwa karatasi haifai kwa negativu, hata muuzaji aape.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa ndiyo waliyo nayo wengi. Skana ya kawaida ya meza, ile ya kioo na kifuniko, inatosha kabisa. Mfano mzuri wa bei ya chini ni Canon LiDE 300, ambayo Marekani imekuwa ikiuzwa kwa chini ya dola 100; kwetu kuna kodi na usafiri juu yake. Ni nyembamba kama daftari kubwa, na jambo ninalolipenda mimi ni kwamba haina waya wa umeme wake. Hula umeme kupitia waya wa USB wa kompyuta. Stima zikipotea Kibera, na hupotea, laptopu yenye chaji inaendelea na kazi.

Kasoro ya skana hizo nyembamba ni kwamba huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Picha iliyojikunja pembeni hutoka na ukungu. Albamu zile za miaka ya 70 na 80 zenye gundi na karatasi ya nailoni juu zinasumbua zaidi, kwa kuwa ukurasa hauwezi kulala sawasawa. Usizibandue kwa nguvu. Utachana uso wa mtu. Kwa picha kama hizo skana nene za zamani, zenye taa na vioo vya kuakisi ndani, huona mbali kidogo na hufanya kazi nzuri zaidi. Vivyo hivyo picha iliyogandana na kioo cha fremu: iache ilivyo, uipige kwa simu. Programu ya Google iitwayo PhotoScan haina malipo, na huchukua picha kadhaa kwa pembe tofauti ili kuondoa mng'ao wa kioo.

Sasa zile namba kubwa za kwenye boksi. Herufi dpi ni hesabu ya nukta ambazo mashine husoma katika kila inchi moja. Muuzaji atakuambia hii ni 4800, ile ni 2400, kwa hiyo hii ni bora maradufu. Kwa karatasi, maneno hayo yaache yapite. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikisomwa kwa dpi 600 inatoa nukta 2400 kwa 3600, zaidi ya milioni 8, na unaweza kuichapisha upya kwa ukubwa mara mbili bila kuharibika. Ukipanda hadi 4800 unakuza chembechembe za karatasi, na faili inakuwa kubwa hadi kompyuta inalia. Picha ndogo za pasipoti tu ndizo ninazozipandisha hadi 1200.

Kwa maana hiyo, mwenye picha thelathini tu hana haja ya kununua kitu. Saiba za Kawangware na za Makina zina mashine za kuchapa zenye skana juu yake. Tatizo ni namna zinavyotumiwa: kijana wa saiba amezoea kuskani vyeti na barua, kwa hiyo mashine yake imewekwa dpi 200 au 300, na matokeo hutoka kama PDF iliyobanwa. Mwambie wazi: nataka rangi, dpi 600, faili za JPEG, ndani ya flashi yangu. Rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana picha za kale zina wekundu na umanjano wake ambao ni sehemu ya picha. Na asimame pale asiipitishe picha katika ule mdomo wa juu unaovuta karatasi zenyewe. Mdomo ule una roli. Picha ya miaka hamsini ikikwama humo, hakuna nyingine.

Simama naye mpaka amalize. Usiache albamu dukani ukaambiwa urudi Ijumaa.

Filamu ni habari nyingine. Negativu haisomwi kwa mwanga unaogonga na kurudi. Lazima mwanga upite ndani yake. Ndiyo maana skana ya filamu huwa na taa ya pili ndani ya kifuniko, pamoja na fremu za plastiki za kushikilia vipande. Bila vitu viwili hivyo, utapata kipande cheusi. Epson Perfection V600 ndiyo inayotajwa mara nyingi kwa watu wa bajeti ya kati: husoma filamu ya kawaida ya milimita 35 na pia ile pana ya studio. Upana huo ni muhimu kwetu, kwa sababu wapigapicha wengi wa studio za zamani walitumia filamu pana, na negativu ya sentimita 6 kwa 6 ina habari nyingi ajabu. Skana nyingine za bei ya chini zina fremu za milimita 35 peke yake, kwa hiyo pima negativu zako kwa rula kabla ya kulipa. Boksi la V600 limeandikwa 6400. Undani halisi unaoupata ni chini ya nusu ya hapo. Mimi huweka 2400, na kipande cha milimita 35 hunipa karibu nukta 3400 kwa 2270. Inatosha.

Skana hiyo pia hufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi. Ni jambo zuri kwa filamu za rangi, lakini lizime ukiwa na filamu za kale za nyeusi na nyeupe. Picha yake imeundwa kwa fedha, madini yenyewe, nayo huzuia mwanga ule. Mashine huiona picha nzima kuwa ni uchafu na kuanza kuifuta.

Bei ya V600 mpya ni kubwa kwa familia moja. Ndiyo maana watu hutafuta za mtumba, na hapo ndipo pesa hupotea. Ukiipata skana iliyotumika, igeuze kwanza. Nyingi za zile nene zina kitufe chini cha kufunga taa wakati wa safari. Kikiwa kimefungwa mashine hunguruma na kukataa, na muuzaji asiyejua huiuza kama mbovu. Nimeona bei ikishuka kwa ajili ya kitufe hicho tu. Kisha soma adapta: iliyotoka Marekani huenda ni ya volti 120 peke yake, na ukiichomeka kwenye 240 zetu itakuaga hapo hapo. Uliza ziko wapi fremu za filamu. Mara nyingi zimepotea, na bila hizo umenunua skana ya karatasi. Tazama chini ya kioo kama kuna ukungu. Mwisho, hakikisha kompyuta yako inaitambua, kwani mashine za zamani nyingi hazina tena programu ya Windows za sasa. VueScan, ya kulipia, hufufua nyingi kati ya hizo.

Pendekezo langu kwa Makina, na kwa mitaa ya Mji wa Kale pia, ni kununua moja kwa chama. Sanduku la negativu likishaskaniwa, nyumba hiyo haihitaji mashine tena. Kwa nini nyumba kumi zinunue kumi? Ipite nyumba kwa nyumba, badala ya picha kupita mikononi mwa watu.

Ukiskani, pindua picha uskani na mgongo wake. Huko kuna maandishi ya babu, na mara nyingine muhuri wa studio: Parekh wa Mombasa, Bakor wa Lamu, Capital Art Studio ya Unguja. Muhuri huo unakuambia picha ilipigwa mji gani hata kama hakuna aliye hai wa kukumbuka. Faili ipe jina la maana, kwa mfano makina-harusi-1974, si IMG na tarakimu. Weka nakala moja kwenye flashi, na nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Na ukimtumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa njiani na kazi yote ya dpi 600 itapotea.