Mwaka Mmoja wa Uzamili, Miaka Minane ya Matayarisho

Huenda umefika ukurasa huu ukaguna, "Aka! Uzamili wanihusu nini mimi, na hata hesabu za logi bado hazijaniingia kichwani?" Tafadhali usifunue ukurasa mwingine. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka jambo lenyewe lilipoingia kwetu Kitengela, likaketi sebuleni kama mgeni asiyetaka kurudi kwao.

Dada yangu mkubwa hufanya kazi katika kituo kimoja cha redio hapa Kajiado. Mwaka jana, mwezi wa Machi, alipata barua kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika mawasiliano, kwa muda wa mwaka mmoja. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Baba aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akauliza swali moja tu: "Ni pesa ngapi?"

Likizo ya Aprili, Babu alipanda matatu kutoka Bissil, akaja kwenye kikao. Alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Mwaka mmoja? Hata ndama hawi ng'ombe kwa mwaka mmoja. Hiyo ni elimu gani?"

Sisi watoto tulicheka. Lakini nilipofikiri baadaye niliona Babu ameuliza swali la maana kuliko wote waliokuwa pale. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu.

UZAMILI NI NINI?

Wanachama wa Chama cha Kiswahili wanajua kwamba elimu ya juu ina ngazi zake, na kila ngazi ina jina. Kuna astashahada, kisha stashahada, kisha shahada ya kwanza, kisha uzamili, na juu kabisa uzamivu. Wenzetu wa Tanzania hutumia pia neno umahiri kwa uzamili. Katika mfumo wa taifa wa sifa za elimu hapa Kenya, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka wa 2014, shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, uzamili ngazi ya 9, na uzamivu ngazi ya 10. Kwa hiyo huwezi kuruka. Anayetaka uzamili sharti kwanza awe na shahada.

Na mawasiliano je? Wengi wetu hudhani ni kusoma habari kwenye televisheni ukiwa umevaa tai. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Mwanafunzi wa mawasiliano huchunguza jinsi ujumbe unavyotoka kwa mtu mmoja hadi kwa wengine, unapotea wapi njiani, nani anauamini na kwa nini. Husoma nadharia, mbinu za utafiti, sheria na maadili ya vyombo vya habari, na mawasiliano ya afya au ya maendeleo.

Dada ana sababu yake. Sote tunaukumbuka ukame uliopita. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mizoga ilijaa kando ya njia. Wakati huo Dada alikuwa akisoma utabiri wa hali ya hewa redioni. Alisoma maneno aliyopewa, kwamba kuna uwezekano mkubwa wa mvua chini ya wastani. Siku moja Babu alimpigia simu. "Mjukuu wangu, nimekusikia. Sasa niuze ng'ombe au nisiuze?" Dada hakuwa na jibu. Babu alingoja, na zaidi ya nusu ya ng'ombe wake wakafa.

Basi tangu siku ile Dada anataka kujua: utabiri usemwe vipi ili mfugaji aamue mapema, bei ya mnyama ikiwa bado nzuri? Anayekwenda chuoni na swali kama hilo hasomi ili aning'inize karatasi ukutani.

KWA NINI MWAKA MMOJA?

Hapa kwetu uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili: masomo ya darasani kwanza, halafu utafiti na tasnifu. Uingereza wamezoea kuubana uzamili wa darasani katika miezi 12. Masomo huanza Septemba. Kazi nzima huhesabiwa kwa alama 180: kwa kawaida 120 za masomo na 60 za tasnifu, ambayo huandikwa wakati wa kiangazi. Hakuna likizo ndefu kama yetu ya Desemba. Mwaka ni mmoja, lakini kazi haikupunguzwa.

Faida yake ni kwamba unakaa nje ya kazi kwa muda mfupi, na hulipi nyumba na chakula kwa miaka miwili. Hasara ni kwamba ukijikwaa mwezi wa kwanza, kwa ugonjwa au upweke au kompyuta kuharibika, huna nafasi ya kupumua. Tena, mada ya tasnifu yafaa uwe nayo kabla hujapanda ndege. Asiye na swali hupoteza miezi akilitafuta, na miezi yenyewe ni kumi na miwili tu.

HESABU YA MIAKA

Sasa tuhesabu pamoja. Kwa sisi tunaoandika KCSE, kiwango cha chini cha kuingilia shahada ni C+, na wengi wetu hutafutiwa nafasi na KUCCPS. Kutoka mtihani wa Novemba hadi kuingia chuoni ni karibu mwaka mmoja. Shahada ya kwanza ya mawasiliano ni miaka minne. Hiyo ni mitano.

Ukitaka ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka wa 1983, lazima uwe umefanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili. Sasa imekuwa saba. Maombi aghalabu hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Mahojiano hufanywa mapema mwaka unaofuata, majibu hutoka karibu na Juni, na safari ni Septemba. Huo ni karibu mwaka mwingine. Jumla ni miaka minane ya matayarisho kwa mwaka mmoja wa masomo! Babu, ndama amekua zamani.

Chevening hulipa karo, matumizi na nauli ya ndege. Mwombaji huchagua kozi tatu, hutaja watu wawili wa kumdhamini kwa maneno, na huahidi kurudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Dada hakuona hilo kama sharti gumu. Swali lake liko Bissil, angebaki London kufanya nini?

KARATASI

Jambo la pili ni karatasi. Mwombaji huhitaji cheti cha shahada, transkripti ya matokeo, barua za wahadhiri wawili, maelezo binafsi ya kwa nini anataka kozi ile, na uthibitisho wa Kiingereza. Hapo ndipo niliposhtuka. Viko vyuo vinavyokubali alama ya Kiingereza ya KCSE badala ya mtihani mwingine wa kulipia. Yaani ile alama utakayopata hapa shuleni itaulizwa miaka minane baadaye, na watu wasiokujua!

Transkripti nayo ina mambo yake. Mwaka mmoja kabla ya barua ile, Dada alikuwa amejaribu akashindwa. Chuo alichosomea kilichelewa kumpa transkripti, na siku ya mwisho ikapita akiwa bado kwenye foleni. Mnajua alifanyaje? Alilia siku moja, kesho yake akarudi kwenye foleni. Siku hizi huwaambia wote: siku unayomaliza chuo, chukua nakala kadhaa, zithibitishwe, uzifiche pamoja na kitambulisho chako. Na wahadhiri usiwapotee. Mhadhiri asiyekukumbuka atakuandikia barua isiyosema kitu.

Jihadhari pia na madalali. Wapo wanaoahidi kukupatia nafasi na viza kwa malipo, na hata kukuandikia maelezo binafsi. Vyuo hupokea maombi moja kwa moja kwenye tovuti zao. Anayekuandikia maelezo hatakuandikia tasnifu.

PESA, NA NG'OMBE WASIOHESABIKA

Turudi kwenye kikao. Baba alikuwa na shamba dogo, ploti moja aliyonunua kabla Kitengela haijajaa nyumba. Babu alikuwa na ng'ombe waliobaki. Baba akasema, "Tuuze ploti." Babu akasema, "Niuze ng'ombe." Mama hakusema kitu. Alinitazama mimi, nami nikajua anawaza nini. Karo yangu hutoka kwa ng'ombe walewale.

Dada alifungua daftari lake, akawaeleza taratibu za viza. Mwanafunzi anayejilipia huonyesha kwamba ana karo ambayo bado hajalipa na pesa za matumizi za hadi miezi tisa. Pesa hizo sharti zikae benki kwa siku 28 mfululizo bila kupungua. Juu yake kuna kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, ada ya viza, na ada ya huduma ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka.

"Ng'ombe wangu hawahesabiwi?" Babu aliuliza.

"Babu, wao huhesabu kilicho benki tu."

"Basi hawajui mali ni nini," akajibu, na safari hii hata Baba alicheka.

Lakini ukweli ulikuwa mezani. Ukiuza kwa haraka ili ushinde tarehe, mnunuzi ataijua haraka yako, nawe utapata bei ya kutupa. Ng'ombe wa Babu walikuwa mbegu iliyobaki baada ya ukame. Ploti ndiyo ilikuwa pensheni ya Baba. Na Dada mwenyewe bado alikuwa akikatwa mshahara kulipa mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza.

Hapo Dada alisema neno ambalo sikulitarajia. "Hakuna kitu kitakachouzwa. Nitakiandikia chuo nikiombe wanihifadhie nafasi mpaka mwaka ujao. Oktoba nitaomba ufadhili. Nikipata, nitaenda. Nikikosa, nitasomea hapa."

Chumba kilinyamaza. Mama alikwenda jikoni, na niliporudisha vikombe nilimkuta akifuta macho. Sikujua kama ni furaha au huzuni. Nadhani hata yeye hakujua.

NJIA YA KARIBU

"Hapa" aliposema, hakutania. Chuo Kikuu cha Daystar, ambacho kilipata hati ya kujitegemea mwaka wa 1994 na kinajulikana sana kwa masomo ya mawasiliano, kina bewa lake Athi River, pua na mdomo na Kitengela. Bewa lake jingine liko Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kimefunza uandishi wa habari tangu 1970. Ukisoma karibu unaweza kuendelea na kazi, ukalipa karo kidogo kidogo kila muhula, na utafiti wako ukaufanya sokoni Bissil siku ya mnada. Ni miaka miwili au zaidi, ndiyo, lakini hakuna pesa za kulala benki siku 28.

Popote utakapochagua, uliza kwanza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Tume hii iliwekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Ndiyo inayoidhinisha kozi za vyuo vyetu, na kutambua na kulinganisha shahada za nje ni miongoni mwa kazi zake. Shahada isiyotambuliwa ni kama noti bandia: huigundui mpaka siku ya kulipa.

TAMATI

Oktoba iliyopita Dada alituma maombi yake. Nilikaa naye usiku wa mwisho, nikamsomea maelezo kwa sauti ili asikie makosa. Sentensi ya kwanza ilikuwa swali la Babu: "Sasa niuze ng'ombe au nisiuze?" Jarida hili linapokwenda mitamboni bado hatujapata majibu. Kila simu yake ikilia, sote tunaacha kula.

Nami niko Kidato cha Tatu, na ng'ombe wa Babu bado wako zizini. Mmoja wao ataniuzia karo ya muhula ujao. Kwa hiyo ninaposoma usiku, sisomi peke yangu. Wanafunzi wenzangu, tusingoje barua ije ndipo tuanze kutafuta karatasi na pesa. Anza leo: linda alama zako za Kiingereza na Kiswahili, weka vyeti mahali pamoja, na utafute swali moja la kwenu ambalo hakuna anayelijibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Babu alipokuwa akirudi Bissil nilimsindikiza stendi. Nilimweleza hesabu yangu ya miaka minane. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe. Basi huyo si ndama. Huyo ni fahali." Akapanda matatu.