Mlipuko Huisha kwa Sekunde, Mwanga Nao Unazima: Hii Ndio Rada, na Malindi Iko Ndani

Wasee, hebu cheki hii. Karibu kila siku, mahali mbali sana angani, kitu hulipuka vibaya. Kwa sekunde chache tu kinaweza kutoa nguvu kushinda ile jua letu litatoa maisha yake yote. Halafu kwisha. Hiyo ndio inaitwa mlipuko wa miale ya gama.

Setilaiti za Marekani zinaitwa Vela ziliushika wa kwanza 1967. Kazi yao ilikuwa kuchunga nani anajaribu bomu la nyuklia kisiri. Dunia iliambiwa 1973, na bado miaka mingi ikapita bila mtu kujua vitu hizi hutoka umbali gani.

Shida ilikuwa nini? Miale ya gama haikusanywi na kioo kama mwanga wa kawaida, kwa hivyo unapata anwani ya kubahatisha. Ni kama kuambiwa kuna moto Eastlands, bila ploti.

Hapo ndio mng'ao unaobaki unaingia. Fikiria transfoma ya mtaa ikilipuka: ule mwanga mkali unaisha saa hiyo hiyo, lakini waya zinabaki nyekundu kiasi. Huko angani, mlipuko unarusha maada kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Ikigonga gesi iliyo karibu, kunatoka eksirei, mwanga wa kawaida, mpaka mawimbi ya redio. Hiyo sasa darubini inaweza kulenga fiti.

Noma ni muda. Mara nyingi ukifika saa moja baada ya mlipuko badala ya dakika moja, utapata mng'ao umeshuka karibu mara 60. Ukichelewa zaidi, unaweza kukosa kupima umbali.

Tarehe 28 Februari 1997, BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi, iligeuzwa kwa saa 8 hivi na kukuta eksirei zikififia. Usiku wa siku hiyo, mbogi ya Jan van Paradijs ikapata picha kwa darubini ya William Herschel, La Palma. Walipopiga tena 8 Machi, ile nukta ilikuwa imefifia. Mei, mng'ao wa mlipuko mwingine ukapimwa, jibu likatoka: umbali ni mabilioni ya miaka ya mwanga.

Tangu 2004 kuna Swift ya NASA. Hiyo iliundwa kujigeuza yenyewe, mara nyingi kwa dakika mbili hivi, na kutuma anwani ili darubini zingine zikimbie. Na data yake hushukia wapi? Kituo cha Waitaliano kule Ngomeni, karibu na Malindi. Ndio, Kilifi hii yetu.

Usidhani ni story za mbali. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulifika mlipuko mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa. Mwanga wake ulikuwa umesafiri karibu miaka bilioni 2, na bado ulivuruga tabaka la juu la hewa yetu.

Sasa hii ndio yako. Data ya Swift iko wazi kwa intaneti, bure, na hakuna mtu atakuuliza cheti. Antena iko kwetu. Kilichobaki ni wasee wetu kuwa kwa wale wanaoisoma mapema, si wale wanaosimuliwa baadaye. Mng'ao haungoji mtu.