Uvamizi wa Bukini, 1942: Je, Ulikuwa na Faida?

Kusini-mashariki ya pwani yetu kuna kisiwa kikubwa. Kinaitwa Madagaska. Wazee wa pwani walikiita Bukini. Mwaka 1942 Waingereza walikivamia kisiwa hiki. Je, uvamizi huo ulikuwa na faida? Tupime.

Sababu

Bukini ilitawaliwa na Wafaransa. Mwaka 1940 Ujerumani iliishinda Ufaransa. Serikali mpya ya Ufaransa ilikubali kushirikiana na Wajerumani. Watawala wa Bukini waliitii serikali hiyo.

Februari 1942 Wajapani, rafiki za Wajerumani, waliiteka Singapore. Aprili walipiga mabomu Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, sasa Sri Lanka. Waingereza wakaingiwa na hofu. Meli zao za kwenda Misri na India zilizunguka kusini ya Afrika, zikapita karibu na Bukini. Kaskazini ya kisiwa kuna bandari nzuri, Diego Suarez, ambayo siku hizi inaitwa Antsiranana. Kama Wajapani wangeipata, wangeweza kuikata njia hiyo.

Vita

Tarehe 5 Mei Waingereza walishuka pwani. Kwa siku chache tu waliipata bandari. Lakini sehemu nyingine za kisiwa zilibaki mikononi mwa Wafaransa wale wale.

Septemba Waingereza walivamia tena. Safari hii walikuwamo askari wa KAR, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walitoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, sasa Malawi. Upande wa Wafaransa walikuwapo askari wa Bukini na wa Senegal. Basi Mwafrika alimpiga risasi Mwafrika kwa amri ya wageni. Wafaransa walisalimu amri Novemba.

Faida na hasara

Faida ilikuwa moja kubwa: Wajapani hawakuipata bandari. Hofu haikuwa ya bure. Tarehe 30 Mei nyambizi zao, yaani meli za kivita ziendazo chini ya maji, zilishambulia Diego Suarez. Ziliharibu manowari moja na kuzamisha meli ya mafuta. Baadaye zilizamisha meli nyingi kati ya Bukini na Msumbiji. Kama zingekuwa na bandari karibu, zingekaa muda mrefu zaidi.

Hasara nazo zilikuwapo. Watu walikufa pande zote mbili. Malaria iliwaangusha askari wengi. Baadhi ya vikosi vilikuwa njiani kwenda India, vikacheleweshwa.

Jambo jingine ni hili. Juni 1942 Wajapani walipoteza manowari 4 kubwa za kubeba ndege huko Midway. Tangu hapo nguvu zao za kuja mbali namna hii zilipungua sana.

Uamuzi

Tahadhari kabla ya hatari. Uvamizi wa Mei ulikuwa na maana, kwa sababu hatari ilikuwa karibu. Uvamizi wa Septemba una mashaka, kwa sababu hatari ilikuwa imepungua.

Na wenyeji je? Hakuna aliyewauliza. Waingereza walikikabidhi kisiwa kwa Wafaransa wa Jenerali de Gaulle. Mwaka 1947 wenyeji waliasi, na maelfu waliuawa. Walipata uhuru mwaka 1960. Kwa hiyo, tunapopima faida ya vita, tuulize kwanza: faida ya nani?

Maswali
1. Kwa nini Waingereza waliitaka bandari ya Diego Suarez?
2. Uvamizi wa Mei na wa Septemba ulitofautianaje?
3. Je, kijijini kwenu kuna familia ya mzee aliyekuwa Keya? Waulize alisimulia nini.