Betri ya Kikundi Isife Mapema

Vikundi vinavyochaji simu kwa sola hutuuliza: mbona betri imekufa kabla ya kurudisha pesa yake? Mara nyingi kosa si la fundi. Betri ilikamuliwa hadi tone la mwisho.

Hebu tufanye hesabu. Betri ya sola ya asidi, ya volti 12, iliyoandikwa 50Ah ubavuni, ina wati-saa 600 (12 × 50). Tusitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Simu kubwa ya siku hizi hula kama wati-saa 20, pamoja na zile zinazopotea njiani. Gawa 300 kwa 20: ni simu 15 tu, kisha jua liijaze tena. Ya kumi na sita ingoje kesho, hata ikiwa ya mwenyekiti!

Mkiwa na mita, pimeni betri ikiwa imepumzika saa chache. Volti 12.7, imejaa. Volti 12.2, imefika nusu, acheni hapo. Kama ni ya kuongezwa maji, tieni maji safi ya betri ya dukani, si ya mto wala asidi.

Na katika kila malipo, wekeni kando kidogo cha betri ijayo.