Ekseli ya mbele: uichomelee au uibadili?

Land Rover Defender ya mwisho ya muundo wa zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mswahili wa Ilford, mashariki mwa London, anayeitamani leo hana budi kununua iliyokwisha kutumika, na nyingi zimeshaonja mashimo. Akikaa nayo hapa, ikiwa ni ya dizeli na haijatimiza miaka 40, atatozwa pauni 12.50 kila siku anayoiendesha, kwa kuwa ada ya hewa chafu ya ULEZ ilifika Ilford tarehe 29 Agosti 2023. Akitaka kuipeleka nyumbani, Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania inapokea, ila uchakavu unalipiwa ushuru wa ziada. Basi kabla ya kulipia meli, ainame atazame chini ya gari, mbele.

Kule kuna ekseli: ganda moja gumu la chuma linalotoka tairi hadi tairi. Difu imekaa upande wa kulia, kwa hiyo ndani ya ganda shafti ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Ganda ndilo linalobeba gari: springi zinalikandamiza, matairi yanalisukuma juu kwenye ncha, nalo linalemewa katikati. Shafti haibebi uzito huo, kazi yake ni kuzungusha gurudumu, na mzigo wake ni kusokotwa. Anayeshindwa kutenganisha mizigo hiyo miwili atatumia pesa pasipostahili. Nimeona watu wakichomelea vyuma juu ya ganda eti shafti zisikatike!

Kupima ganda hakuhitaji mashine. Tikisa kwanza gurudumu kuhakikisha beringi hazijalegea. Kisha, gari likiwa mahali tambarare na matairi yakitazama mbele, ning'iniza timazi nje ya gurudumu, upime nafasi kati ya uzi na ukingo wa ringi, juu na chini. Defender hupangwa wima kabisa, nyuzi sifuri, kwa hiyo vipimo viwili vinapaswa kulingana. Nafasi ya juu ikizidi pande zote mbili, matairi yameinamia ndani, na huenda ganda limebonyea katikati. Tairi lililolika upande wa ndani na sili inayovujisha oili kila ikibadilishwa huongeza shaka.

Ganda lililonyooka linaweza kuimarishwa. Bapa la chuma likisimamishwa kwa ukingo, ukiongeza kimo chake mara mbili, ugumu wake wa kupinda unakuwa mara nane, ndiyo maana mafundi husimamisha bapa juu ya ganda badala ya kulilaza. Hatari iko kwenye moto. Chuma kilichochomelewa hunywea kinapopoa. Ukichomelea juu mfululizo, ncha za ekseli zinavutwa kwenda juu, na unaipinda kwa mkono wako ekseli uliyotaka kuiokoa. Fundi mzuri huchomelea sentimita chache, akahamia upande wa pili, akasubiri ipoe. Waya wa ethi huufunga karibu na anapochomelea, umeme usipite kwenye beringi.

Shafti zina hesabu yake. Nguvu ya kuhimili msokoto hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, hivyo shafti ya milimita 24 ikinenepeshwa hadi 30 inakaribia kuwa na nguvu maradufu. Lakini shafti ikikataa kukatika, kipigo kinahamia kwenye difu, na difu ni ghali zaidi.

Kubadili ekseli nzima ni lazima ikiwa imepinda au ina ufa. Hata mkaguzi wa magari wa MOT hapa Uingereza huihesabu hali hiyo kuwa kasoro ya hatari. Ekseli nene ya gari jingine waachie wa Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza 1989, ambako magari hupanda mawe kwa matairi makubwa na kila timu ina mafundi wake. Kwa safari za Sumbawanga au Mtwara, kwa matairi ya kawaida, nunua ekseli ileile ya Defender iliyonyooka. Ya kigeni ikivunjika Mpanda, utasubiri kipuri kutoka Ulaya. Na muuzaji akikukatalia kuning'iniza timazi, usinunue gari lake.